Aliyeshika Usukani

Mtu akiingia ofisini kwangu anachechemea, kitu cha kwanza ninachotazama si uso wake wala mguu wake. Natazama soli za viatu. Mguu unaouma kweli hukanyaga vibaya siku zote, na kiatu huliwa upande mmoja. Anayechechemea kwa ajili ya wakili tu, viatu vyake vimelika sawasawa kama vya mtu yeyote aendaye sokoni. Wengi nimewakamata kwa njia hiyo, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa nafurahi.

Miaka mingi niliifanya kazi hiyo upande wa kampuni za bima, kule Tanga mjini. Kazi yangu ilikuwa kutoamini. Mtu amevunjika mkono, mimi namtafuta jirani aliyemwona akichota maji kwa mkono uleule. Mtu amefiwa na baba yake barabarani, mimi nauliza kama huyo baba alikuwa amekunywa. Nilikuwa hodari, na nilichukiwa ipasavyo. Kisha nikachoka kuchukiwa, nikahamia Korogwe, nikapanga chumba Manundu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaanza kuwatetea walioumia. Watu husema wakili Hilaria amebadilika. Wapi! Nimehama kiti tu. Bado simwamini mtu, na wateja wangu ndio siwaamini zaidi, kwa sababu uongo wao ndio utakaoniumbua mimi mbele ya hakimu.

Zamda alipopanda ngazi zangu mara ya kwanza nilimsikia kabla sijamwona. Gongo, mguu, pumzi. Gongo, mguu, pumzi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkulima wa Mnyuzi, amevaa baibui lililopauka, na soli ya ndala yake ya kulia ilikuwa imeliwa ukingoni mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi. Nikasema moyoni, huyu haigizi. Nyonga yake ilikuwa imesagika. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba asipowekewa nyonga ya bandia, gongo hilo atakwenda nalo kaburini, na jembe asilifikirie tena. Operesheni ile hakuwa na uwezo nayo hata kwa kuota. Bima ya gari ndiyo ingemlipia, na bima ilikuwa imekataa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Zamda na mume wake, Adamu, walikuwa wametoka Handeni na mzigo wa mahindi kwenye lori dogo la Kenta walilolikodi pamoja na dereva wake, kijana anayeitwa Lukasi. Walikaa mbele wote watatu. Walipopita Sindeni, kwenye kona moja mbaya, kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Kenta ikawakwepa, ikapiga mti, ikapinduka ikalala chali na kibanda chote kikabonyea. Wanakijiji walipofika, Lukasi alikuwa amekaa chini anatetemeka, Zamda anapiga kelele, na Adamu amekwisha kukata roho. Nani alitokea mlango upi, hakuna aliyeangalia.

Lukasi aliwaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyekuwa anaendesha. Kampuni ya bima haikumwamini. Mpelelezi wao alikwenda Sindeni, akamkuta muuza dawa aliyemhudumia Lukasi muda mfupi kabla ya ajali, anasema kijana alikuwa na homa kali, hawezi hata kushika glasi ya maji. Wakasema mtu wa hali ile hakuendesha. Aliyeendesha ni Adamu, na Adamu hakuwa na leseni, na gari likiendeshwa na asiye na leseni bima yake haina kazi. Kwa hiyo nyonga ya Zamda ilining'inia kwenye swali moja tu: nani alikuwa ameshika usukani?

"Adamu aliendesha?" nilimuuliza Zamda siku hiyohiyo.

"Hapana, mama wakili. Wallahi, mume wangu hakuugusa ule usukani."

Alinitazama usoni aliposema hivyo. Nilimwandikia kesi.

Tukaenda vizuri mpaka siku wakili wa bima, Yatin, aliponiletea video. Huyu Yatin namfahamu tangu enzi zangu za Tanga, ni mtu mpole wa sauti, na akikuletea kitu huku anatabasamu ujue umekwisha. Aliweka simu mezani, akabonyeza, akajiegemeza kwenye kiti.

Yalikuwa mazishi ya Adamu, Mnyuzi. Zamda alikuwa hospitali amefungwa mguu, hakumzika mume wake, kwa hiyo ndugu walimrekodia ili angalau aone kwenye simu jinsi watu walivyojaa. Ni jambo la huruma, nami silaumu. Ila waliirusha kwenye kundi la ukoo, na mambo ya kundi la ukoo hayakai kwenye ukoo. Mle ndani anaonekana mwanamume mwenye mvi, amevaa koti na kofia ya marehemu, amekalia kinu kilicholazwa, ameshika ungo kwa mikono miwili kama usukani. Ananguruma kama injini, anabadilisha gia, anawaendea waombolezaji anawatawanya. "Pisheni! Pisheni! Leo Adamu ndiye dereva! Leseni kapewa na mganga! Ng'ombe wenyewe wamekufa kwa kicheko!" Na watu wanacheka, wengine huku wanafuta machozi.

"Ukoo wenyewe unasema Adamu ndiye dereva," akasema Yatin.

"Wakili msomi, huyo ni mtani."

"Mtani ni nani kisheria?" Akaichukua simu yake, akaniaga kwa adabu.

Mimi ni Msambaa wa Bumbuli, utani sikufundishwa na mtu. Najua mtani anapokuja msibani ana ruhusa ya kulala ndani ya kaburi na kugoma kutoka mpaka apewe kitu. Lakini ndicho kilichoniharibia usingizi. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, pamoja na lile ambalo kila mtu analijua na hakuna awezaye kulisema. Mtu alikuwa mchoyo, mtani ndiye atakayelia kwa sauti, "Nani sasa atatunyima?" Sasa kwa nini huyu, katika mambo yote ya Adamu, alichagua usukani?

Nikamwita Zamda, nikamwonyesha video. Alipomwona yule mtu amekalia kinu alitabasamu kidogo. Ungo uliponyanyuliwa, akageuza uso akatazama dirishani, na hakuurudisha mpaka sauti ilipokatika.

"Umeiona mara ngapi hii?" nikamuuliza.

"Sijawahi kuimaliza."

"Kwa nini?"

"Ni mazishi ya mume wangu, mama wakili," akasema, na nikajiona mshenzi. Ila sikuacha kushuku. Mtu anaweza kukufanya ujione mshenzi na bado akawa anakudanganya, nimeyaona hayo mara nyingi.

Nikapanda bodaboda mpaka Mnyuzi. Yule mwenye mvi anaitwa Fabiani. Babu yake aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akafia hukuhuku, na tangu hapo familia yao ndio watani wa Wazigua wote wa pale kijijini. Nilimkuta anarekebisha baiskeli. Nilipomweleza kilichonileta alicheka hadi akaweka spana chini.

"Kwa hiyo mimi ni shahidi wa bima? Wanilipe basi!"

"Mzee Fabiani, nataka jibu la kweli. Ulisikia kwa mtu kwamba Adamu aliendesha?"

"Adamu? Adamu hakuweza kuendesha hata hii baiskeli. Mzigua gani ataendesha gari, mama? Hawa gari lao ni punda, na punda mwenyewe anawakataa."

Nilimuuliza tena, na tena, na kila mara akanipiga chenga kwa mzaha mwingine. Mara moja tu nilimwona ameacha kucheka. Ni pale nilipouliza kama ameongea na Zamda baada ya msiba. "Yule muache," akasema. "Yule ana msiba." Kisha akainama kwenye mnyororo wake kama vile mimi nimekwisha kuondoka.

Nikashuka kwa Mzee Mustapha, aliyeongoza kumwosha marehemu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Gari likigonga mti, usukani humpiga dereva kifuani na kumwachia alama. Kama Adamu alikuwa na alama ile, mwenye kuijua ni aliyemwosha. Mzee alikuwa anapukuchua mahindi kibarazani, peke yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikajieleza kwa heshima zote. Nilipofika kwenye kifua cha marehemu, mikono yake ilisimama.

"Wewe dini gani?"

"Mkristo, mzee."

"Basi nakusamehe, hujui. Yaliyoonekana kwenye josho hayasimuliwi. Kama ni mabaya, hayasimuliwi. Kama ni mazuri, nikikwambia wewe leo, kesho nikimnyamazia mwingine mtajua ni mabaya. Sisemi."

"Mzee, kuna mjane hapa anapoteza mguu."

"Na mimi nipoteze nini?" Sauti yake ilipanda. "Kila mtu hapa atakufa, na anajua mimi ndiye nitakayemwosha. Wanalala kwa amani kwa kuwa mimi sina mdomo. Nenda, mama. Nenda salama."

Akaingia ndani akafunga mlango, na mimi nikabaki kibarazani na magunzi ya mahindi. Nilirudi Manundu nina hasira na nimekwisha kuhukumu. Mzee amekasirika, mtani anakwepa, mjane hawezi kuitazama video. Adamu aliendesha, na kijiji kizima kinajua. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu.

Kabla ya siku ya kesi nilimkalisha Zamda chini kwa mara ya mwisho, na sikumpaka mafuta. Nikamwambia kama Adamu aliendesha aseme sasa, tuondoe kesi kwa heshima, maana kiapo cha uongo ni jela, na jela hakuna nyonga. Akaapa upya. Mume wake hakuendesha, hakuwahi kuendesha, hata kuwasha gari alikuwa hajui. Alisema huku machozi yanamtoka, na mimi nilikuwa natazama machozi yale kama ninavyotazama soli. Sikumwamini. Ila mteja akikwambia jambo nawe huna ushahidi wa kulipinga, unakwenda nalo mahakamani. Ndiyo kazi.

Lukasi alikuwa ametoa ushahidi wake kikao cha nyuma, akisema aliendesha yeye, kwa maneno yaleyale ya polisi kama mtoto aliyekariri shairi. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Fabiani na Zamda. Watu wa Mnyuzi walijaa mahakamani, nusu yao wakiwa wamekuja kumsikiliza mtani.

Yatin akamwonyesha video, akamuuliza kwa upole, "Mzee, kwa nini ulichagua usukani?"

"Mheshimiwa," Fabiani akamgeukia hakimu, "marehemu alikufa kwa gari. Angeanguka kutoka kwenye mnazi, ningepanda mnazi, na kwa umri huu mngekuwa mmezika wawili."

Hata hakimu, ambaye ni mtu wa Kilindi na hayo anayajua, aliinamia makaratasi yake ili asionekane anacheka. Yatin akasubiri kicheko kiishe.

"Kwa hiyo hukujua nani aliendesha?"

"Sikuwepo. Mimi kazi yangu ni kumtania aliyekufa. Aliye hai, amelala hospitali na mguu umening'inizwa, yule hataniwi. Hiyo ndiyo sheria yetu."

Yatin akaiweka video kando. Nikapumua. Lakini neno lile la mwisho lilinikaa vibaya kidogo, kama punje iliyokwama kwenye jino.

Zamda akasaidiwa kuingia kizimbani. Nilimwongoza mimi kwanza, kuhusu maumivu, daktari, shamba lililolala bila kulimwa. Kisha Yatin akainuka na kazi moja tu kichwani mwake, kama mimi tu.

"Mume wako alikuwa ameshika usukani?"

"Hapana."

"Wakati wowote wa safari ile?"

"Wakati wowote. Hakushika."

"Mama, unajua umeapa. Mume wako alijua kuendesha?"

"Hakujua. Namuapia Mungu."

Alijibu wima, bila kupepesa. Nimehoji waongo kwa miaka mingi, na yule hakuwa mwongo. Kwa mara ya kwanza nikaamini kwamba Adamu hakuendesha kweli, na nikajisikia vizuri sana.

"Kwa hiyo unataka mahakama iamini kwamba aliyeendesha ni Lukasi?"

"Lukasi ndiye dereva wa gari lile," akasema Zamda.

Yatin akaandika. Hakimu akaandika. Mimi kalamu yangu ilibaki hewani. Aliulizwa nani aliendesha, akajibu nani ameajiriwa. Nikarudi nyuma haraka kichwani, ofisini kwangu, siku ya kwanza na ya video na ya mwisho. Wakati wote ule hakuwahi kuniambia kwamba Lukasi aliendesha. Aliniapia habari za Adamu, kwa kuwa habari za Adamu ndizo tulizomuuliza. Mle kwenye Kenta walikuwa watu watatu. Mmoja alikuwa na homa, hawezi kushika glasi. Mmoja hakujua hata kuwasha. Sote, mimi na Yatin na mpelelezi na polisi, tulikuwa tumehesabu wanaume wawili na mwanamke mmoja aliyebebwa. Nani angemdhania mwanamke wa Mnyuzi, mwenye baibui, mkulima? Sikuwa nimemuuliza hata alikulia wapi.

"Sina zaidi, Mheshimiwa," akasema Yatin, akaketi.

"Wakili Hilaria, una la kumuuliza tena shahidi wako?"

Nina mazoea yangu, na mawakili wa Korogwe wanayajua. Shahidi wangu haondoki kizimbani bila swali la kufungia, fupi, ambalo jibu lake linabaki masikioni mwa hakimu. La siku ile nilikuwa nimeliandaa: "Mama, iambie mahakama, nani alikuwa anaendesha?" Nilikuwa nimesimama tayari. Zamda alinitazama. Alikuwa ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono yote miwili, na niliona wazi kwamba nikimuuliza atajibu. Si kwamba atajibu tu. Alikuwa ananingoja nimuulize. Na akijibu, bima imekwisha, maana bima ya abiria haimlipi aliyeendesha, achilia mbali kwamba hana leseni.

Nilikuwa sijui. Nilikuwa nashuku tu, na kushuku hakujawahi kumfungia wakili leseni yake.

"Sina swali, Mheshimiwa."

Nje, kwenye ngazi za mahakama, alinishika mkono wa koti. Watu wa Mnyuzi walikuwa wanampongeza Fabiani upande wa pili, kelele tupu.

"Mama wakili, nataka nikwambie kitu."

"Usiniambie."

"Si kwa ajili ya kesi."

"Zamda, mdogo wangu, usiniambie. Ukiniambia nitakuwa najua, na nikijua nitalazimika kurudi mle ndani."

Akaniachia koti. "Mzee Mustapha ananikimbia. Fabiani nikimkaribia anafanya mzaha. Na wewe hutaki. Basi nitamwambia nani?"

Nikamwitia bajaji.

Tulishinda. Bima haikukata rufaa, na Zamda alipelekwa Moshi akawekewa nyonga mpya. Nilipopata habari nilishukuru, nikafunga faili, na tangu hapo nikawa mwoga. Mimi, niliyekula mkate wangu kwa kuwachokonoa watu waseme kweli, nikimwona mwanamke mwenye baibui lililopauka pale Manundu nilibadilisha njia. Ni aibu tupu, na ndivyo ilivyokuwa.

Mwezi uliopita alinikamata. Nilikuwa nachagua nyanya, nikasikia "Mama wakili!" nyuma yangu, na nilipogeuka alikwisha kunifikia. Alikuwa anatembea vizuri, mwepesi, mikono yake haina kitu. Nikatafuta kwa macho pa kutokea. Hakunipa nafasi.

"Baba yangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mkonge," akasema, kwa sauti ya chini, haraka. "Alinifundisha nikiwa msichana. Lukasi alizidiwa na homa, Adamu akasema twende naye hivyohivyo, wewe si unaweza. Nikashika mimi. Ng'ombe wakatokea."

"Zamda, yalikwisha hayo. Mtu yeyote angewakwepa ng'ombe."

"Najua. Bima yenu sijali, kama wanaidai nyonga yao waje waichukue." Alikuwa halii. "Mimi nataka kukwambia hili. Kulia kulikuwa na nyasi tupu. Nililiona lile eneo, mama wakili, ni nyasi tu. Na kushoto kulikuwa na mti, na kushoto ndiko alikokaa Adamu. Nikakata kushoto. Sijui kwa nini. Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikata kushoto."

Muuza nyanya alikuwa anatutazama, ameshika mfuko wangu. Nilimshika Zamda mkono, nikamsogeza pembeni ya meza.

Aliniuliza kama kwenye sheria kuna mtu wa kulihukumu jambo lile. Nikamwambia hakuna.